Jioni ya watu wawili: jinsi ya kupanga umeme, intaneti, tivi na simu nyumbani Dar es Salaam

Mume wangu hushuka kwenye basi la mwendokasi Kimara Mwisho saa mbili kasoro usiku. Mimi huwa nimemtangulia kwa nusu saa, mgongo unauma kwa kusimama njia nzima. Tukishaoga na kula inafika saa tatu na nusu, na saa tano lazima tuwe tumelala kwa sababu alfajiri safari inaanza upya. Kwa hiyo siku ya kazi tunabakiwa na saa moja na nusu ya kuwa mke na mume.

Miaka miwili ya mwanzo ya ndoa yetu saa hiyo na nusu ilipotea. Yeye kochi moja na mpira, mimi kochi la pili na simu, bando likiisha nanuna, umeme ukikatika tunalala. Hatukuwa tumegombana. Tulikuwa na vifaa vingi ambavyo hakuna aliyekaa akavipanga kwa ajili ya watu wawili. Haya ninayoyaandika ndiyo tuliyoyafanya kuurudisha muda huo, kwa mpangilio ninaoushauri. Wengi huanza na kununua tivi kubwa. Mimi nawaomba tivi iwe ya nne.

Hatua ya kwanza: kikao kabla ya kwenda Kariakoo

Chukueni daftari na kalamu, simu ziwe mezani. Kila mmoja aandike mambo mawili: kinachompumzisha akirudi nyumbani, na kinachomkera. Msijibizane wakati wa kuandika. Mume wangu aliandika kuwa kinachomkera ni mimi kumsimulia jambo zito huku naangalia video. Niliumia, lakini ilikuwa kweli.

Kisha fungueni jumbe za miamala ya mwezi uliopita na mjumlishe: bando la kila mmoja, king'amuzi, LUKU (umeme wa kulipia kabla), vocha. Fanyeni kwa uwazi na bila kumsimanga mtu. Sisi tuligundua kwamba tulikuwa tunanunua mabando ya siku moja moja, kila mtu lake, na jumla yake ilizidi bei ya kifurushi kimoja cha mwezi ambacho tungekitumia pamoja. Hela ya kuboresha nyumba ilikuwepo, ila ilikuwa inatoka kidogokidogo kama mchanga kwenye gunia lililotoboka.

Mwisho chagueni jioni mbili au tatu za pamoja kwa wiki, na nyingine mziache huru. Msijipangie jioni saba, mtashindwa wiki ya kwanza. Angalieni na ratiba ya mpira. Kama mmoja ni Simba na mwenzake Yanga, siku ya dabi ya Kariakoo ihesabiwe kuwa jioni ya pamoja, na mkubaliane mapema kwamba aliyefungwa hatanyimwa chai. Kama mwenzio anapenda kutazama mechi kibanda umiza na rafiki zake, mwacheni aende. Kelele za kibanda hazipatikani sebuleni, na kumzuia ni kumleta nyumbani mwili tu.

Hatua ya pili: umeme

Hapa ndipo nitakapokaa sana, kwa sababu kila kitu kingine kinategemea hapa.

Mkiwa wapangaji, swali la kwanza kwa mwenye nyumba ni kama mita ya LUKU ni yenu peke yenu. Mteja wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, huuziwa uniti kwa bei ya chini sana kuliko mteja wa kawaida. Kaya nne zikichangia mita moja, kiwango hicho kinapitwa mapema na wote mnanunua kwa bei ya juu, hata kama ninyi wawili mna taa nne na feni. Mnaochangia, ombeni muwekewe mita ndogo ya ndani kwa kila chumba, na usomaji uandikwe siku moja ya wiki mbele ya wote. Magomvi mengi ya uani yanaishia hapo. Kumbukeni pia kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo msishangae mkinunua mara ya kwanza mwezi mpya uniti zikawa pungufu.

Sasa fanyeni hesabu ya nyumba yenu. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa moja. Tivi ya inchi 32 hula wati kama 50. Kwa saa tatu kila siku ni uniti 4.5 kwa mwezi. Feni ya wati 60 ikizunguka saa nane usiku ni uniti 14 na ushee. Ruta ya wati 10 isiyozimwa kabisa inafika uniti 7. Taa nne za LED za wati 9, saa tano kila jioni, ni uniti 5 na nusu. King'amuzi ni uniti moja na kitu. Friji dogo lenye afya wekeni uniti moja kwa siku. Jumla inakaribia 63, bado mko salama chini ya 75.

Kinachowavusha ni vitu vya joto. Pasi ya wati 1,200 ikitumika nusu saa kila asubuhi inaongeza uniti 18, mnafika 81. Nguo za wiki nzima zikipigwa pasi Jumapili kwa mkupuo wa saa mbili ni kama uniti 10 kwa mwezi, na mnabaki ndani ya kiwango. Kila mara pasi inapoanza ikiwa ya baridi kuna umeme unaokwenda kuipasha tu. Sisi Jumapili mmoja anapiga pasi, mwingine anakunja, redio inaimba. Imekuwa mojawapo ya saa zetu nzuri, na hatukuipanga hivyo.

Kiyoyozi nitakisema kwa ufupi: kidogo cha wati 900 kwa saa sita kila usiku, hata kikipumzika nusu ya muda huo, kinakula uniti 81 peke yake. Joto la Desemba hadi Machi linajulikana, sitamlaumu anayekinunua. Ajue tu anachokinunua.

Baada ya hesabu, ulinzi. Umeme wetu ni volti 230, lakini unaporudi baada ya kukatika unaweza kupiga juu au kuyumba. Tuliunguza tivi yetu ya kwanza hivyo, usiku mmoja wa masika, ikiwa na miezi mitano. Nunueni gadi, yaani kifaa cha kukinga umeme unaoyumba, moja ya friji na moja ya tivi, na zisibadilishane. Gadi ya friji husubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme, ili kompresa isiwashwe ikiwa bado ina mgandamizo. Umeme ukikatika, chomoeni vitu vya thamani na acheni taa moja imewashwa ili iwajulishe umerudi. Subirini dakika tano ndipo mchomeke.

Ekstensheni yenye fyuzi ya ampea 13 inabeba wati 2,990 kwa hesabu ya kitabuni, na zile nyepesi za mtaani waya wake hauhimili hata hizo. Tivi, king'amuzi na ruta ekstensheni moja, sawa. Pasi, jagi la umeme na friji kila kimoja kwenye soketi ya ukutani. Mkishika soketi ikawa ya moto, au bati la friji likiwapiga shoti ndogo, msizoee. Iteni fundi aangalie ethi ya nyumba, ule waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini.

Hatua ya tatu: intaneti ya nyumba, siyo ya mtu

Mna njia tatu. Ya kwanza ni mmoja kuwasha hotspoti kwenye simu yake. Ni rahisi, lakini aliyebeba simu akitoka kwenda dukani, nyumba nzima inakatika, na betri yake inachoka haraka. Ya pili ni ruta ya laini, yenye kifurushi chake. Inafaa wapangaji kwa sababu mkihama mnaibeba. Ya tatu ni faiba, intaneti ya waya unaoletwa hadi nyumbani, ile ya TTCL ya Faiba Mlangoni Kwako au ya kampuni nyingine iliyofika mtaani kwenu.

Msichague kwa tangazo. Nendeni kwa jirani anayeitumia, saa tatu usiku, wakati kila mtu yuko nyumbani, mjaribu video moja. Mchana mtandao wowote unapendeza. Kwa faiba muulize mambo manne kabla ya kulipa: nguzo iliyo karibu iko umbali gani, gharama ya kuunganishwa ni nani anailipa, mkihama huduma inawafuata au mnaanza upya, na waya ukikatwa na mchimba mtaro fundi anakuja ndani ya siku ngapi. Mwenye nyumba naye aulizwe kabla ya ukuta kutobolewa.

Kabla ya kuchagua kifurushi jueni mnachokula. Filamu ya saa moja kwa ubora wa chini ni karibu GB 1, na kwa ubora wa juu ni karibu GB 3. Mkitazama pamoja saa moja na nusu, jioni tatu kwa wiki, kwa ubora wa chini mnahitaji GB 18 kwa mwezi. Kwa ubora wa juu ni GB 54. Kwenye tivi ya inchi 32 iliyo mita mbili na nusu kutoka kwenye kochi, mimi sioni tofauti ya kulipia GB 36. Ingieni kwenye mipangilio ya programu mnayotazamia muufunge ubora huo, msiiachie ijichagulie.

Wezi wa bando wako ndani ya simu zenyewe. Siku ya kwanza ya ruta yetu tulilala na kifurushi cha mwezi, tukaamka nusu yake imekwenda. Simu zote mbili ziliona Wi-Fi, zikadhani tumefungua bomba lisilo na mwisho, zikapandisha picha za miaka mitatu mawinguni na kusasisha kila programu. Kwenye Android ingieni kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo mchague ihesabiwe kama mtandao wenye kipimo, washeni Kiokoa Data, na mzime upandishaji wa picha mpaka mtakapoamua wenyewe. Fanyeni hivyo kwa simu zote mbili usiku uleule.

Ruta ikae juu, katikati ya nyumba, mbali na friji na mbali na dirisha la nondo. Kuta zetu za tofali za saruji hula mawimbi. Ikiwa ruta inatoa mitandao miwili, ule wa 2.4 GHz hupenya ukuta vizuri zaidi, chukueni huo kwa simu iliyo chumbani. Wa 5 GHz ni wa kasi lakini hauendi mbali, upeni tivi iliyo chumba kimoja na ruta. Badilisheni nenosiri lililokuja limebandikwa chini ya ruta. Wageni wapeni kwa moyo mweupe, kisha mlibadilishe kila baada ya miezi michache, maana mtoto wa jirani naye ana rafiki.

Jambo la mwisho la intaneti: wekeni akiba. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu kwa pamoja, nchi nzima ilikaa na mtandao wa kujivuta. Tangu hapo sisi tuna filamu mbili na vipindi vitatu vilivyopakuliwa ndani ya programu yenyewe, na nyimbo zetu kwenye flashi.

Hatua ya nne: tivi, king'amuzi na sauti

Sasa nendeni Kariakoo, tena wote wawili, asubuhi, siku isiyo ya mwisho wa mwezi. Kwa sebule ya mita tatu, inchi 32 inatosha na 43 ni anasa nzuri. Iwashwe mbele yenu, ichomekwe flashi yenu yenye video mnayoijua, sauti ipandishwe mpaka juu. Angalieni weupe wote wa kioo kama una doa. Risiti iandikwe namba ya kifaa na muda wa waranti. Muuzaji anayekataa kuwasha, muageni kwa heshima.

Mkinunua simu pia, pigeni *#06#, namba ya IMEI (utambulisho wa simu) inayotokea mtume kwa ujumbe kwenda 15090, mtajibiwa aina ya simu. Ikitofautiana na iliyo mkononi, irudisheni papo hapo. Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima, na waliokuwa wamenunua kwa macho tu walilia.

King'amuzi kwa Dar es Salaam ni jambo la zamani. Hapa ndipo mitambo ya tivi ya analojia, ile ya antena bila king'amuzi, ilipozimwa kwanza, tarehe 31 Desemba 2012. Ushauri wangu ni mmoja: andikeni chaneli mnazotazama kweli kwa wiki mbili, kisha mchague kifurushi kidogo kuliko vyote kinachozibeba. Sisi zilikuwa sita. Tulikuwa tunalipia zaidi ya mia. Mwezi ambao ligi imesimama, shusheni kifurushi.

Sabufa ni tamu, lakini nyumba za kupanga zina ukuta mmoja kwa familia mbili. Besi ipunguzwe saa tatu usiku, na wakati wa adhana sauti ishushwe. Mmoja akitaka kulala na mwingine anatazama, hedifoni za Bluetooth zimetuokolea usiku mwingi. Na mende wanapenda joto la king'amuzi. Kikae juu, kisifunikwe na kitambaa cha mama mkwe, hata kama kimedariziwa vizuri namna gani.

Rimoti nayo ina kanuni. Kwetu, siku za pamoja mmoja anachagua cha kutazama, mwingine ana haki ya kukataa mara moja tu. Wiki ijayo zamu inageuka. Aliyechagua hapitishi mbele kipande, na anayeona tamthilia peke yake kabla ya mwenzie amevunja ahadi.

Hatua ya tano: simu

Hapa niseme bila kupindisha. Simu ya mwenzio si ya kupekuliwa akiwa bafuni, na programu ya kumfuatilia mtu kwa siri ni sumu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeharamisha kuingia kwenye mfumo wa kompyuta isivyo halali, na simu janja ni kompyuta. Mwenye wasiwasi aseme, "Mume wangu, nina jambo linaninyima usingizi." Ni maneno magumu kuyatoa. Yana matumaini kuliko kupekua.

Lakini kutopekuana si kufichana mambo ya nyumba. Katika daftari lile la kikao wekeni ukurasa wa dharura: akaunti za benki zilizopo, laini zenye pesa, vikundi mnavyochangia, nani anawadai na nani mnamdai, namba ya mita. Namba za siri msiziandike humo. Nimeona jirani akihangaika na hospitali huku hajui mume wake aliyelazwa anaweka hela wapi, na sitaki yampate mtu mwingine. Pigeni pia *106# kila mmoja kwa simu yake, muone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Mkikuta msiyoijua, nendeni ikafutwe. Na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" pelekeni 15040, msimjibu mtumaji.

Kwa muda wenu, tumieni kikapu. Chetu ni kile cha mkeka cha kuwekea mkate. Siku za pamoja, kuanzia chakula hadi saa nne na nusu simu zinalala humo zikiwa na mlio, kwa sababu wazazi wako mbali na wanaweza kupiga. Simu ikiita, mwenyewe anaangalia, na kama si mzazi wala si dharura, inarudi kikapuni. Chaja zihamishieni sebuleni na mnunue saa ya mezani ya kuwaamsha. Wiki ya kwanza mkono wangu ulikuwa unaitafuta simu gizani. Ya tatu ukaacha.

Hatua ya sita: usiku wa giza

Mgao wa mwishoni mwa 2023 ulitufundisha kujiandaa. Tangu Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoanza kuzalisha, hali ilipata nafuu, ila transfoma ya mtaa na mvua havina habari na bwawa.

Anzeni na kidogo: UPS ndogo ya ruta, kile kiboksi chenye betri kinachoishikilia umeme ukikatika, ile ya volti 12. Yenye betri ya 8,800 mAh ina kama saa-wati 32 (yaani wati mara saa; mAh hizo huhesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, siyo 12), kwa hiyo ruta ya wati 10 itakwenda hadi saa tatu. Ongezeni feni ya kuchaji na taa mbili za kuchaji. Kwa watu wawili hiyo tayari ni jioni.

Mkitaka tivi pia, betri ya volti 12 na Ah 100 ina saa-wati 1,200. Ya asidi msiimalize zaidi ya nusu, mtaiua. Nusu hiyo, ukitoa inayopotea kwenye invata, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, itabeba tivi, king'amuzi, ruta, feni na taa mbili, wati kama 155 jumla, kwa saa tatu na robo hivi. Isiwekwe chumba cha kulala, na isifunikwe.

Sisi betri hiyo hatujanunua bado, tumejadili mara mbili tukaahirisha. Giza likiingia tunatoa mkeka barazani, tunachoma udi kufukuza mbu, tunaweka drafti ya vizibo vya soda juu ya kigoda. Jirani wa pembeni huleta redio yake ya betri na maoni yake juu ya kila kete. Mara ya mwisho umeme ulirudi saa nne, tukaiona taa ya sebuleni imewaka, na mume wangu akasema, "Hebu tumalize kwanza hili."